Naenda Guangzhou: simu ya laini mbili, laini ninazo tatu, ipi ibaki nyumbani?

BintiMikoba (mleta uzi), Jumanne saa 2:40 usiku

Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana nimebakiza siku tisa.

Nauza mikoba ya kike Kariakoo, mwaka wa nne huu. Siku zote nachukua mzigo kwa watu wanaoutoa China, wanakula faida yote mimi nabaki na vumbi. Safari hii naenda mwenyewe Guangzhou, siku kumi na mbili. Viza imetoka, tiketi ninayo. Kinachoninyima usingizi ni simu.

Simu yangu ni Samsung ya laini mbili. Laini ya kwanza ni ya wateja: namba iko kwenye bango la duka, iko kwenye mifuko, iko WhatsApp, na watu wa mikoani ndiyo wanayonitumia pesa. Laini ya pili ni ya mtandao mwingine, hiyo niliiandikisha benki, hakuna anayeijua zaidi ya benki na mama. Sasa naambiwa nikifika ninunue laini ya Kichina. Hizo tatu, na nafasi ni mbili.

Shoga yangu aliyewahi kwenda anasema chomoa zote weka kwenye pochi, ya Bongo utayakuta ukirudi. Shemeji anasema usichomoe hata moja, washa romingi, laini ya hapa ifanye kazi huko huko, pesa inatafutwa. Nani mkweli hapo?

Nawasilisha.

Kisarawe_Mjini, Jumanne saa 2:52 usiku

Nakaa siti ya mbele. Mimi safari yangu ya mbali ni Mlandizi, lakini huwezi jua.

BabaWawili, Jumanne saa 3:05 usiku

Dada yangu, nunua kitochi cha elfu ishirini na tano, weka laini zako zote mbili humo, simu kubwa iwe ya Mchina. Kitochi kinakaa na chaji siku nne. Umemaliza.

FundiWaAggrey, Jumanne saa 3:31 usiku

Mkuu hapo juu kitochi ni kamari. Vitochi vingi tunavyouza hapa ni vya 2G tupu, ule mtandao wa zamani, na dunia inaizima 2G. Singapore waliizima mwaka 2017, Japani zamani zaidi. China nao wanaipunguza kila mwaka. Unafika unashangaa kitochi kinaandika hakuna mtandao, na laini ya benki iko humo.

Binti, kabla hatujaenda mbali: piga *#06# kwenye hiyo Samsung. Zitatokea namba za IMEI, za utambulisho wa simu, mbili maana ni ya laini mbili. Angalia kama chini yake kuna namba nyingine ndefu imeandikwa EID. Ukiiona, simu yako inapokea eSIM, laini isiyo ya plastiki, na hiyo itakuwa laini ya tatu bila kuchomoa kitu, ingawa kwa wakati mmoja zitawaka mbili. Usipoiona, tunapanga upya.

BintiMikoba, Jumanne saa 3:38 usiku

Nimepiga. IMEI mbili tu, EID hakuna. Ni ya toleo la A, siyo ya S.

FundiWaAggrey, Jumanne saa 3:44 usiku

Sawa. Basi laini moja lazima ibaki Dar. Tatizo ni moja tu sasa, ipi.

MsafiriMstaafu, Jumanne saa 4:20 usiku

Binti, huyo shoga yako aliyekwambia uchomoe zote hakutakii mabaya ila hajawahi kuumia. Mimi niliumia. Ngoja nikusimulie.

Mwaka 2023 nilikuwa Guangzhou, safari ya tatu. Nilikuwa na simu ya laini mbili lakini nafasi ya pili nilikuwa nimeweka memori kadi, picha za bidhaa zote zilikuwa humo. Nikachomoa laini yangu ya Bongo nikaweka ya Kichina. Laini nikaifunga kwenye risiti ya chakula nikaiweka mezani hotelini, nikasema nitaihamishia kwenye pasi ya kusafiria. Nikaenda sokoni. Nimerudi jioni meza inang'aa, risiti haipo. Yule mama wa usafi amefanya kazi yake, na aliyeifunga laini kwenye takataka ni mimi.

Kesho yake nilitakiwa kulipa malipo ya awali ya kontena. Naingia kwenye programu ya benki, inaniambia tumekutumia namba sita za uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi? Nimekaa pale natazama skrini inahesabu sekunde kurudi nyuma kama mtu anayesubiri hukumu.

Nikampigia mdogo wangu Dar: nenda duka la mtandao ukanirudishie laini. Akaenda. Wakamwambia mwenye laini aje aweke kidole. Mwaka 2019 wakati tunapanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, hadi ile Januari 20 ya 2020 walipoanza kuzizima, sote tuliona ni usumbufu. Sikuwahi kufikiria kwamba maana yake ni hii: ukipoteza laini ukiwa nje ya nchi, hakuna ndugu, hakuna mke, hakuna wakili atakayeirudisha. Kidole chako kiko China.

Mzigo ulichelewa wiki mbili. Nilimkopa Mtanzania mwenzangu pale Xiaobei kwa masharti ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mke wangu anasoma humu.

Kwa hiyo laini ya benki haitoki kwenye simu. Wala usiihamishe nafasi ukiwa safarini. Ikae hapo ilipo mpaka utue Terminal 3.

Kisarawe_Mjini, Jumanne saa 4:26 usiku

"Kidole chako kiko China" nimecheka nikiwa kwenye mwendokasi watu wakageuka.

NesiWaTemeke, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Naunga mkono hoja ya laini ya benki. Nilimsindikiza baba yangu mdogo kwenye matibabu India, tukakaa wiki sita. Laini ya kule mgeni unaipata kwa pasi, viza na picha, kisha unasubiri iwashwe, haiwaki pale pale. Na kuna kichekesho cha waifai ya uwanja wa ndege: inataka namba ya simu ikutumie SMS ndipo ikuunganishe. Sasa huna laini ndiyo maana unataka waifai, na waifai inataka laini. Mimi iliniokoa laini yangu ya Tanzania kwa kuwa ilikuwa imewashwa na inapokea SMS. Kupokea SMS sikukatwa hata senti.

Kupiga simu ni habari nyingine. Shangazi alinipigia kutaka kujua baba mdogo kala nini, tukaongea dakika saba, salio lote kwishnei. Aliyepiga ni yeye, aliyekatwa ni mimi.

BintiMikoba, Jumatano saa 1:15 asubuhi

Eeh! Kwani ukipigiwa unakatwa?

FundiWaAggrey, Jumatano saa 2:40 asubuhi

Nimefungua duka sasa nieleze kwa kituo.

Ukiwa romingi, anayekupigia analipa kama anapiga Dar. Kipande cha kutoka Dar mpaka ulipo unalipa wewe. Kwa hiyo kupokea kunakatwa. SMS kupokea kwa kawaida ni bure, kutuma kunakatwa. Data ndiyo inayofilisi, maana simu inajisasisha yenyewe, picha zinapanda zenyewe, wewe umelala.

Kinachowasumbua watu wengi ni kwamba romingi na data ya romingi ni swichi mbili tofauti. Romingi yenyewe unaiwasha kwa mtandao wako kabla hujaondoka, wengine wana menyu yake, wengine mpaka uwapigie. Hiyo ndiyo inafanya laini ipate minara ya nje na upokee SMS za benki. Data ya romingi iko kwenye mipangilio ya simu na kila laini ina ya kwake. Unataka ya kwanza iwake na ya pili izimwe. Watu wanazima zote kwa woga halafu wanalalamika benki haitumi namba.

Jingine, kabla ya kupanda ndege piga ##002#. Inafuta uhamishaji wote wa simu. Kama umeweka kwamba usipopokea simu iende kwenye ujumbe wa sauti, ukiwa nje simu inakuja China, hupokei, inarudi Dar kwenye ujumbe wa sauti, na unaweza kukatwa kwenda na kurudi. Nimeona mteja analia hapa dukani kwa hilo.

Na kuhusu laini mbili, kitu wanachojua wachache. Simu nyingi za bei zetu zina redio moja tu. Laini zote zinasikiliza kwa zamu, ndiyo maana unaziona zote zina mistari ya mtandao. Ila ukianza kuongea na laini moja, ya pili inakuwa haipatikani mpaka ukate. Kwa hiyo ukiwa unasubiri namba za benki usiwe unapiga soga na laini ya Mchina. Namba za benki zina muda wake, zikichelewa zimekufa. Kata simu, subiri, lipa, halafu endelea na soga.

MzeeWaCeltel, Jumatano saa 4:05 asubuhi

Vijana mnateseka na kitu ambacho sisi tulishakionja. Mwaka 2006 Celtel walileta One Network. Tanzania, Kenya, Uganda unapiga kama uko Magomeni, na kupokea bure. Nilikuwa nasafirisha vitunguu Nairobi, natoka Dar na laini moja narudi na laini moja. Baadaye ikawa Zain, kisha Airtel. Siku hizo kuwa na laini mbili maana yake ni simu mbili kiunoni, moja kulia moja kushoto, unatembea kama askari.

BabaWawili, Jumatano saa 4:12 asubuhi

Mzee na ile ya tatu ya mchepuko ilikuwa inakaa wapi?

MzeeWaCeltel, Jumatano saa 4:30 asubuhi

Kijana heshimu wazee. Ilikuwa kwenye buti la gari.

MsafiriMstaafu, Jumatano saa 6:02 mchana

Binti rudi hapa, hao achana nao. Sasa kuhusu laini ya wateja. Usiichomoe ukaiweka kwenye pochi, iache kazini.

WhatsApp haihitaji laini iwe ndani ya simu. Ikishasajiliwa inaendelea kwa intaneti yoyote, ya laini ya Kichina au waifai ya hoteli. Ukiweka laini mpya itakuuliza kama unataka kubadilisha namba. Kataa. Watu wengi wanabonyeza kubali, kesho yake wateja wote wanaona namba ya China wanadhani wametapeliwa. Hutahitaji laini ya zamani ila ukipoteza simu ukalazimika kusajili WhatsApp upya, maana hapo itatuma namba kwa SMS.

Kwa hiyo hiyo laini iweke kwenye kitochi cha BabaWawili, kwa hapa Dar kitochi ni mfalme, umkabidhi mtu anayebaki dukani. Mteja wa Songea akipiga simu ya kawaida anapokelewa. Pesa ikiingia anaona ujumbe. Namba ya siri usimpe, pesa itakaa hapo inakusubiri. Na WhatsApp ikikusumbua, anasoma zile namba anakutajia.

Una mtu wa kumwamini?

BintiMikoba, Jumatano saa 6:20 mchana

Mdogo wangu wa kike yuko dukani. Namwamini kwa laini. Kwa mikoba hapana, ila kwa laini namwamini.

AbuuSalha, Jumatano saa 8:15 mchana

Assalam alaykum. Niongezee upande wa Uarabuni wapo watakaosoma. Saudia laini unasajiliwa kwa pasi na alama ya kidole pale pale, haraka tu. Ila mahujaji wetu wengi ni wazee, na programu ya Nusuk ya kuomba kibali cha kuingia Rawdha, kwenye msikiti wa Mtume Madina, inataka intaneti muda wote. Mzee asipewe simu mpya wiki ya safari. Apewe miezi miwili kabla, laini ya nyumbani upande wa kwanza, upande wa pili uachwe wazi, na aonyeshwe kwa mkono wake mwenyewe. Baba yangu alipotea kule Mina saa tano nzima, simu mkononi, laini mbili zote zinasoma, hajui pa kubonyeza.

Halafu betri. Simu inayotafuta mtandao kwa laini mbili inakula chaji. Wekeni pawabenki kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la kupakia, uwanjani wataitoa.

Na Dubai: kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, meseji na sauti za kurekodi zinapita. Usiwaambie nyumbani "nitawapigia WhatsApp nikifika" halafu watu wakaanza matanga.

NdegeTausi, Jumatano saa 9:00 alasiri

Kwani China WhatsApp si imefungwa kabisa? Mnampa dada mipango ya WhatsApp ya nini?

MsafiriMstaafu, Jumatano saa 9:25 alasiri

Umenikumbusha jambo kubwa. Ndiyo, ukiwa na laini ya Kichina au waifai ya hoteli, WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, Facebook wala Instagram. Lakini hapa ndipo simu ya laini mbili inapolipa gharama yake. Ukiwasha data ya romingi kwenye laini ya Tanzania, mawasiliano yako yanapita kwa mtandao wako wa nyumbani kwanza ndipo yanaingia intaneti. Mnara ni wa Mchina lakini mlango ni wa Dar. WhatsApp inafunguka kama uko Sinza.

Wenye eSIM za wasafiri zinazonunuliwa mtandaoni nao ni hivyo hivyo, mlango wake hauko China bara. Wengine wanatumia VPN, programu ya kupitia mlango wa nchi nyingine, ila ukitaka VPN isakinishe Dar, ukifika huko kuitafuta ni shughuli nyingine.

Mimi nilikuwa nafanya hivi: ramani, WeChat (ndiyo WhatsApp ya Wachina), teksi, kutafsiri, vyote kwa bando la Kichina. Mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, nahamishia data kwenye laini ya Bongo kwa dakika kumi, natuma picha za bidhaa kwa wateja, nasoma meseji, nazima. Nunua bando la romingi la mtandao wako kabla, usitumie salio kavu, salio kavu ni moto.

FundiWaAggrey, Jumatano saa 9:41 alasiri

Na utie jina kila laini kwenye mipangilio. Moja andika BONGO, nyingine CHINA, rangi tofauti. Usiku umechoka, "SIM 1" na "SIM 2" zinafanana.

KijanaWaOhio, Jumatano saa 5:30 usiku

Natoa ya huku Marekani kwa ufupi. Nilikuja na simu nzuri tu ya laini mbili niliyonunua Kariakoo kwa laki mbili na nusu. Huku 3G walizima mwaka 2022, simu karibu zote zinapigwa kwa 4G, na mitandao inachagua simu ipi iruhusiwe kupiga kwa njia hiyo. Yangu haikuruhusiwa. Laini ya huku ikakataa, laini ya Tanzania ikawa inaonyesha mtandao mara moja moja. Kwa hiyo anayekuja huku aangalie simu kwanza, laini baadaye.

Na kinyume chake: wanaonunua iPhone za Marekani hapo Kariakoo kwa kuwa ni bei nafuu, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 zile za soko la huku hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu. Nenda nayo China ununue laini ya plastiki uone utaichomeka wapi.

BabaWawili, Jumatano saa 5:36 usiku

Utaichomeka sikioni.

FundiWaAggrey, Alhamisi saa 3:10 asubuhi

Kijana yuko sahihi, na iPhone za China bara nazo ni kinyume: nyingi kuanzia XR na XS Max za mwaka 2018 zina nafasi mbili za laini za plastiki. Nyingine nyingi zinakuja na moja ya plastiki na eSIM. Ukiona mtu anauziwa iPhone hapa mtaani aulize imetoka soko gani, siyo GB ngapi tu.

Wenye iPhone zimeni ile ya kuruhusu data ihame yenyewe kati ya laini. Na iMessage, ile ya meseji za iPhone kwa iPhone, ikijiwasha upya inatuma SMS ya kimataifa kimya kimya kutoka laini ya nyumbani. Utakatwa na hujui umemwandikia nani. Samsung nayo ina kitu kama hicho cha data kuhama. Binti kizime.

BintiMikoba, Alhamisi saa 4:00 asubuhi

Nimezima (nadhani). Leo naenda benki kuwaambia nasafiri, na kubadilisha namba zote kwenye simu zianze na +255. Nimegundua nimehifadhi kila mtu kwa 07, mpaka mama. Nikiwa na laini ya Mchina hiyo 07 sijui ingeniita nani huko.

WeChat nimeshafungua, ilitaka mtu mwenye akaunti ya zamani aniskanie, shoga yangu akanisaidia. Kwa hiyo naye ana faida yake. Mungu awabariki. Nitaleta mrejesho.

Kisarawe_Mjini, Alhamisi saa 4:03 asubuhi

Wote husema wataleta mrejesho.

DadaWaHorohoro, Ijumaa saa 1:30 usiku

Nyie mnasema China, sisi wa mpakani hatujaenda popote na tunalipa romingi. Nikikaa uani kwangu simu inadaka mnara wa Kenya, nikikaa sebuleni inarudi nyumbani. Dawa ni kutoa kuchagua mtandao kiotomatiki, unachagua mwenyewe mtandao wako kwa mkono, kwa kila laini. Wasafiri wa Namanga na Holili fanyeni hivyo kabla basi halijafika mpakani, maana simu huwa inavuka kabla yako.

BintiMikoba, wiki tatu baadaye, Jumapili saa 2:00 usiku

MREJESHO.

Wakuu nimerudi na mzigo uko njiani. Kisarawe_Mjini soma hii.

Nilipotua Guangzhou nikazima hali ya ndege, nikahesabu kimoyomoyo. Dakika kama mbili laini ya BONGO ikapata mtandao, ikaingia meseji ya kunikaribisha na bei za romingi. Nilizisoma nikafunga simu kama nimeona nyoka. Laini ya Kichina nikaipata siku hiyo hiyo kwa pasi, wakanipiga na picha.

Siku ya kwanza kuunganisha kadi ya benki kwenye Alipay, programu ya kulipia ya huko, namba sita zikaja kwenye laini ya BONGO. Siku ya pili kulipa malipo ya awali Sanyuanli, kwenye lile soko la mikoba (wakuu, ghorofa juu ya ghorofa ni mikoba, nilikaa chini nikapumua kwanza), namba sita tena. Siku ya tano vile vile. Kila zilipoingia nilimkumbuka MsafiriMstaafu na risiti yake. Bila ile laini ningekuwa mtalii.

Kosa nililifanya usiku wa nne. Nimewasha data ya romingi nimtumie mteja wa Mwanza picha, nikasinzia. Bando la romingi likaisha, ikaanza kula salio kavu. Nimeamka elfu ishirini na mbili imekwenda, kisa video za kikundi cha harusi ya binamu zilikuwa zinajishusha zenyewe. Ni bahati laini yangu ni ya kulipia kabla, ingekuwa ya kulipa mwisho wa mwezi nisingeandika hapa. Kwa hiyo mnaokwenda zimeni kabisa WhatsApp kujishushia picha na video, hilo hakuna aliyenikumbusha!

Jingine ni saa. China wako mbele saa tano. Mama yangu ndiye anayeijua ile namba ya benki. Saa tatu usiku ya Dar anapiga kuniuliza kama nimekula, huku ni saa nane usiku, nimelala fofofo, napokea bila kufikiri. Mara mbili. Mara ya tatu nikaacha iite, kisha nikamwandikia mdogo wangu ampelekee ujumbe kwamba nimekula.

Mdogo wangu na kitochi chake aliuza mikoba kumi na minne kwa simu. Wiki ya pili akapigiwa na mtu anayejiita wakala wa mizigo: dada yako amekwama uwanja wa ndege Guangzhou, simu yake imezima, ile pesa ya ushuru tuma kwenye namba hii. Akamjibu, "Dada yangu nimeongea naye sasa hivi, anakusalimia." Jamaa akakata. Kumbe alikuwa hajaongea na mimi tangu juzi.

MsafiriMstaafu, Jumapili saa 2:31 usiku

Huyo mdogo wako aachiwe na mikoba sasa.

FundiWaAggrey, Jumapili saa 2:40 usiku

Nilisema picha zinapanda zenyewe sikusema video zinashuka. Kosa langu, hongera kwa mzigo. Ukirudisha laini ya wateja kwenye simu yako, izime kwanza simu, toa ya Mchina, na hiyo ya Mchina usiitupe. Ukirudi tena China utaikuta pengine imekufa, lakini WeChat yako kama umeifungulia kwa namba hiyo utaitafuta.

BintiMikoba, Jumapili saa 2:47 usiku

WeChat niliifungulia hapa, iko kwenye ya BONGO.

FundiWaAggrey, Jumapili saa 2:48 usiku

Basi umehitimu.

NesiWaTemeke, Jumapili saa 3:15 usiku

Dada hongera. Mzigo ukifika nataka wa mkono mrefu, rangi ya kahawa, wa kuingia faili na chupa ya maji. Napigia namba ipi?

BintiMikoba, Jumapili saa 3:20 usiku

Ile ile ya kwenye bango. Ila mpaka Jumatano atapokea mdogo wangu, amekataa kurudisha kitochi.